Kopo Ambalo Sikulifungua

Je, mtu akinyamaza amesema uongo, au amenyamaza tu? Swali hilo, mwanangu Buthaina, lilininyima usingizi kwa siku kumi na saba, na mpaka leo likinirudia huja pamoja na harufu ya siagi.

Unacheka, najua. Mimi nina miaka ishirini na saba, wewe kumi na tisa, na nakuita mwanangu. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na kwa watu wetu mtoto wa dada ni mtoto wako, hata kama mama mdogo mwenyewe bado anapigiwa simu na mama yake kuulizwa kama amekula. Kwa hiyo nivumilie. Juzi uliniandikia kutoka Nizwa kwamba kuna jambo baba yako amelifahamu vibaya, na kwa vile amelifurahia sana, umeliacha hivyo hivyo. Ukaniuliza, "Hakuna ubaya, au vipi, mama mdogo?" Nikakutumia uso wa kucheka. Tangu hapo nimeandika jibu mara tano na kulifuta mara tano. Hili ni la sita, na nimeamua kulituma kabla sijalisoma tena.

Nakumbuka ilikuwa Jumanne, mchana, katika jiko la Bibi Zeyana pale Ibra. Wewe bibi yangu huyu unamjua zaidi kwa vile vibiskuti vya vileja anavyokuletea sikukuu. Wakati ule ulikuwa bado skuli, mnakaa Maskati, ndiyo maana hadithi hii uliipata nusu, na nusu uliyoipata ni ile ya kuchekesha.

Nilikuwa nimemaliza chuo huko huko unakosoma, nina digrii ya kemia, ninasubiri kazi, na nikisubiri ninakaa na Bibi. Kusubiri kulinipa muda mwingi wa kufikiri, na mimi katika kufikiri sikuhitaji kuongezewa. Niliweza kusimama mbele ya friji dakika kumi nikijiuliza kama maziwa ya jana ni ya jana kweli. Bibi akinitazama na kusema, "Huyu hata akipiga chafya anataka kwanza ajue kwa nini."

Bibi ana dada mmoja, Bi Asya, aliyemzidi miaka miwili. Unguja walilala kitanda kimoja mpaka wakawa wasichana wakubwa. Kisha mmoja akaja Oman na mwingine akaishia Kanada, na tangu hapo kila mmoja kwa mwenzake amekuwa sauti ya simu. Mwaka ule mjukuu wa Bi Asya alikuja kututembelea, akamletea Bibi kopo moja la bati lenye picha ya jani jekundu. Ndani yake mlikuwa na asali ya mti. Huko kwao kuna mti wanautoboa, maji yake yanachuruzika, wanayachemsha mpaka yanakuwa shira.

Bi Asya alipiga simu siku ile ile. "Zeyana, usije ukailamba kwa kijiko kama ulivyokuwa ukilamba halua ya baba. Mwambie Rayya akuokee tarti. Hivyo ndivyo ninavyoila mie, kila Jumapili na chai yangu. Ukishakula nambie ikoje. Nataka angalau mmoja wenu ajue nnakula nini huku."

Tarti ni vikombe vidogo vya unga na siagi, unavijaza shira iliyopigwa na mayai, unavioka mpaka juu pawe na rangi ya hudhurungi. Si kazi kubwa. Lakini kopo lilikuwa moja, na Kanada ni mbali, na aliyelituma ana miaka themanini na mitatu. Hayo matatu yalikaa kichwani mwangu yakagoma kutoka. Nilitazama video moja baada ya nyingine. Mmoja anasema shira ichemshwe kwanza, mwingine anasema ukiichemsha umeiua. Mmoja anatia mayai mawili, mwingine yai moja na malai ya maziwa. Maelezo niliyoyachagua mwishowe yalitaka moto wa digrii mia tatu na hamsini, na oveni ya Bibi mwisho wake mia mbili na hamsini. Nilikaa siku nzima nikiamini oveni yetu ni dhaifu, mimi mwenye cheti cha kemia, kabla sijakumbuka kwamba Wamarekani wana kipimo chao cha joto. Baada ya hapo sikujiamini tena kwa lolote.

Nikaamua kujaribu kwanza kwa asali ya tende. Bibi alikuwa nayo kabatini, chupa nzima, nzito na nyeusi, imetoka Fanja kwa jamaa zake wenye mashamba. Nikiharibu, nitakuwa nimeharibu cha nyumbani. Kopo la jani jekundu nililisukuma nyuma kabisa ya kabati, nyuma ya gunia dogo la mchele, lisionekane wala lisinitazame.

Majaribio hayakuharibika. Zilitoka tarti kumi na mbili, zimewiva sawasawa, zinang'aa. Nikaziweka mezani zipoe, nikaenda kusali. Niliporudi, Bibi alikuwa ameketi kwenye kile kiti chake cha plastiki, chembe za unga zimemwangukia kifuani, amefumba macho.

"Ndiyo hii," alisema.

"Bibi..."

"Nyamaza kwanza." Machozi yalikuwa yakimtoka bila ya sauti. "Miaka yote hii nnajiuliza dada yangu anakula nini kwenye barafu ile. Nnaona labda vitu vya ajabu ajabu, visivyo na ladha. Kumbe anakula kitu kama chetu. Kama tende, Rayya. Kama tende za fardhi zilizokaa mwaka."

Mwanangu, pale palikuwa na nafasi ya maneno sita: Bibi, hiyo ni asali ya tende. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile. Nilifungua mdomo. Lakini niliona uso wake, na nikaanza kufikiri. Nikimwambia sasa, nitamnyang'anya kitu alichokipata muda huu huu. Nisipomwambia, nimemdanganya. Lakini sijasema neno lolote, kwa hiyo nimedanganya kwa lipi? Na kesho nitaoka za kweli, atakula, na hakutakuwa na tofauti kubwa, sukari ni sukari. Nilipokuwa bado nazungusha hayo, Bibi alishachukua simu.

Ilikuwa Alasiri kwetu, asubuhi kwao. Bibi aliweka sauti kubwa, kama anavyoweka siku zote, maana haamini kwamba simu inafika Kanada bila ya kusaidiwa.

"Asya! Nimeila!"

"Ehe! Ikoje?"

"Kama tende za fardhi!"

"Kama nini?"

"Tende, Asya. Tamu ile ile."

"Haina ladha ya tende hata chembe. Zeyana, umekula nini wewe?"

"Nimekula tarti yako. Nakwambia tende."

"Basi umelamba chupa nyengine. Au hukula, unanifurahisha tu. Wewe toka utotoni mwongo, uliimaliza halua ukasema paka."

"Paka aliila kweli!"

Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka nao, huku nimeshika taulo la jikoni kama mtu anayezama. Nilijiambia yamekwisha kwa kicheko. Lakini Bi Asya alipokata simu hakuwa anacheka. Marehemu mumewe, kabla hajaanza kusahau majina ya watoto wake, alianza kwa kuchanganya ladha. Alikuwa akinywa chai anasema supu. Kwa hiyo Bi Asya alimpigia simu Mjomba Said, mtoto mkubwa wa Bibi, huko Maskati. "Mtazameni mama yenu," alimwambia. "Ladha zimemchanganyikia."

Mjomba Said ni mtu mwema, unamjua, anayempenda mtu kwa kumpangia maisha. Jumamosi alikuja Ibra na maswali yake. "Mama, leo siku gani? Mama, jana ulikula nini?" Bibi alijibu yote, na la mwisho akajibu, "Na wewe ulizaliwa kichwa kikubwa, hilo pia nalikumbuka." Lakini baadaye Mjomba alinivuta pembeni uani. "Wewe unakaa naye. Anasema bado kwamba ile asali ina ladha ya tende?"

"Anasema."

"Na wewe ulionja. Ina ladha ya tende?"

Angalia, mwanangu, jinsi mlango ulivyofunguliwa mara ya pili. Ningeweza kupita. Lakini sasa kukiri kulikuwa na uzito wa siku nne juu yake. Nikikiri, ataniuliza kwa nini sikusema Jumanne, na kwa swali hilo sikuwa na jibu ambalo hata mimi lingeniridhisha. Nikasema, "Sijui, Mjomba. Mimi sikuielewa vizuri." Kila neno la sentensi ile lilikuwa kweli, na sentensi nzima ilikuwa uongo. Hapo swali langu la usiku lilipata nusu ya jibu, lakini sikutaka kulisikia.

Kilichofuata kilikwenda polepole, na ndiyo maana sikukizuia. Bibi alianza kujichunguza. Siku zote akipika kwa kukadiria kwa kiganja. Sasa akawa anaonja kitu mara mbili, mara tatu, ananinyooshea kijiko. "Hebu, hii chumvi au sukari?" Alikuwa anajua kabisa ni chumvi. Alitaka mtu mwingine aseme. Akaniomba niandike vibandiko kwenye makopo yake ya bizari, yeye ambaye angeweza kutambua iliki kwa sauti ya kuitikisa. Nikaviandika, kwa mwandiko mzuri. Wallahi nilikaa pale nikiandika "mdalasini" na "pilipili manga", na kopo la jani jekundu liko nyuma ya mchele, hatua mbili kutoka mkononi mwangu.

Nilitengeneza na karatasi. Upande huu sababu za kusema, upande huu za kunyamaza. Zilikaribia kulingana, maana mimi nikitaka sababu nazipata. Kwa kusema: ni haki yake. Kwa kunyamaza: ataona haya kwamba alilia kwa chupa ya kabatini mwake mwenyewe. Kwa kusema: Mjomba ataacha kumuuliza siku. Kwa kunyamaza: ile furaha ya kuwa dada yake anakula kitu kama chetu, nani atamrudishia? Hilo la mwisho ndilo nililojificha ndani yake. Nililiita huruma. Leo naona nusu yake ilikuwa huruma kweli, na nusu nilikuwa namwogopa Mjomba, nakiogopa kicheko cha ukoo mzima, naogopa kuitwa Rayya wa tarti. Zilivyochanganyika, sikuweza kuzitenga, na sina hakika naweza hata leo.

Jumatano ya tatu nilimsindikiza sokoni. Unalijua lile soko la wanawake la Jumatano asubuhi, wanaume hawaingii, na Bibi ana mahala pake pale miaka na miaka, baina ya mwenye mabuibui na mwenye ubani. Aliuza vileja vyote. Kisha akamwambia jirani yake wa ubani, kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu anayeazima kiti: "Wiki ijayo panua vitu vyako, chukua na mahala pangu. Nahamia kwa mwanangu Maskati. Ladha zimeanza kunipotea, na mtu asiyejua ladha hauzii watu chakula."

Yule mama alimshika mkono. "La, ya Zeyana. Vileja vya leo ni vile vile."

"Wewe unanipenda," Bibi alisema. "Mtu anayekupenda hakwambii."

Nilibeba trei tupu mpaka garini. Sikumbuki kuendesha.

Ijumaa baada ya sala Mjomba Said alikuja na gari kubwa. Mabegi mawili ya Bibi yakaingia nyuma, na sanduku lake la bizari lenye vibandiko vyangu. Bibi alikuwa amevaa buibui jipya, amekaa barazani kama mgeni kwenye nyumba yake, kikombe cha kahawa mkononi. Mjomba akaita, "Yalla, Mama, tusichelewe." Bibi alikitikisa kile kikombe, kama unavyofanya nyumbani kwa watu kumwonyesha mwenyeji kwamba umetosheka, usimiminiwe tena. Alikitikisa nyumbani kwake mwenyewe, akanipa.

Mwanangu, sikupata hoja mpya pale. Ile karatasi ilikuwa bado inalingana. Nilichofanya ni kwenda jikoni, kuhamisha mchele, kutoa kopo, kuchukua kifungulio na kijiko, na kurudi barazani kabla kichwa changu hakijajua miguu inafanya nini.

"Bibi, hili ndilo kopo la Bi Asya. Halijafunguliwa. Ile uliyokula ilikuwa asali ya tende ya Fanja. Ulisema tende kwa sababu ilikuwa tende. Ladha zako hazijapotea hata moja."

Mjomba Said alisimama na funguo hewani. Nikatoboa bati. Shira ikanimwagikia kwenye kidole. Nikajaza kijiko, nikampa.

Bibi alionja. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu.

"Hii si tende," alisema. "Hii kama sukari guru iliyopitishwa penye moshi." Akanitazama. "Siku ngapi?"

"Kumi na saba."

"Siku kumi na saba nnajiona nnapotea, na wewe unanitazama."

"Niliogopa kulimaliza kopo bure. Kisha nikaogopa..."

"Uliogopa kuharibu kopo," alisema, wala hakupandisha sauti, "ukakaribia kuniharibu mie."

Mjomba, ambaye daima ana la kusema, alikwenda kwenye gari akaanza kuteremsha mabegi. Bibi hakunikumbatia, usidhani. Alininyamazia mpaka Alasiri, na nilistahili. Kisha akaniletea simu nimpigie dada yake, akaweka ile sauti yake kubwa.

"Asya. Leo ndiyo nimeila. Mjukuu wangu alinilisha tende."

"Nilisema! Nilisema mie!"

"Ulisema. Na mimi nilisema tende, na ilikuwa tende. Kwa hiyo sote tuna akili zetu, na Said atulie."

Hapo nikajua tumefika pale nilipopaogopa. "Asya," alisema, "si kama chetu hata kidogo. Nilikuwa nimefurahi kwamba ni kama chetu."

Nilifumba macho. Nikasikia Bi Asya kule mbali anavuta pumzi. "Hata mie mwanzo sikuipenda," alisema. "Mwaka mzima sikuipenda. Nilikuwa nalia juu ya sahani."

"Hukunambia."

"Hukuniuliza. Ulikuwa unauliza kama baridi imezidi."

"Basi nambie sasa," Bibi alisema, akajiweka sawa kwenye kiti. "Nambie toka mwanzo, maana sijui lolote."

Walizungumza mpaka Magharibi. Zile zilizokuwa simu za salamu na hali ya hewa ziligeuka siku ile, na hazijarudi zilivyokuwa. Mimi nilikuwa jikoni nikioka tarti za kweli, bila ya video. Za kwanza zilimwagika, za pili ziliungua ukingoni. Bibi alikula moja ya zilizoungua, akasema, "Uwe unapalia moto kwa macho, si kwa simu." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya upole kwangu tangu barazani, na niliipokea kama zawadi. Jumatano iliyofuata alirudi mahala pake sokoni, na yule wa ubani akavuta vitu vyake bila ya kuambiwa. Vibandiko alivibandua mwenyewe kimoja kimoja.

Sasa lako, Buthaina. Sitakuuliza ni jambo gani baba yako amelifahamu vibaya. Nakwambia tu nililolijua. Mtu unayempenda akishika kitu kisicho kweli na akafurahi, mwambie mapema, kabla hajakiegemea. Usingoje upate maneno mazuri. Nilikuwa na siku kumi na saba za kuyatafuta na mwishowe nilisema yale yale ya siku ya kwanza. Usipime kwa karatasi, kwa maana mtu mwenye hofu hupata sababu nyingi, na zote zinafanana na huruma. Na usidhani kwamba kwa kuwa hukusema neno hukufanya kitu. Wewe unanyamaza, lakini yeye anaendelea kuishi juu ya ule ukimya wako, anapanga, anahama, anatoa mahala pake sokoni. Ndiyo, utamwondolea furaha, na itauma, na labda atakununia mpaka Alasiri au zaidi. Vumilia. Furaha ya Bibi iliyokuja baadaye sikuiona kwenye orodha yangu, kwa sababu haikuwa yangu kuipanga.

Bado nachanganyikiwa na mambo mengi, mwanangu, na maziwa ya jana bado nayanusa mara tatu. Lakini hili limenikaa. Leo ni Alhamisi, baba yako hupumzika baada ya Alasiri. Mpigie kabla hujamaliza chai yako.

Mungu akupe ulimi mwepesi wakati wa kukiri, na akujaalie watu watakaokasirika nawe mchana na kukuwekea sahani jioni. Akulinde huko Nizwa, wewe na wenzako, na akurudishe kwetu Ibra salama. Oveni nitakuwa nimeshaiwasha.